Sweta la mtoto limekataa: tuanzie wapi?

Njombe mwezi wa Juni hakuna anayeuliza kwa nini tunafuma. Mtoto akizaliwa kwenye ukoo, hata jina halijakubaliwa tayari kuna shangazi ameshika sindano. Shangazi huyo ni mimi, na ni mimi pia ninayeletewa mifuko ya vitu vilivyokwama: sweta lisilopita kichwani, kofia iliyojikunja kama jani la kabichi, soksi moja ya mtoto na mwenzake ya mwanasesere. Anayeleta huwa ameshajihukumu: "Shangazi, mkono wangu mzito." Mara nyingi mkono hauna kosa. Kosa limekaa kwenye mstari wa kwanza, kwenye namba ya sindano au kwenye kuhesabu, na huko ndiko pa kutafuta kabla hujaanza kufumua.

Hapa chini nikisema sindano ni zile mbili ndefu, na kroshia ni ile moja yenye ndoano. Mshono wa mbele ni ule unaofumwa uzi ukiwa nyuma ya kazi, na wa nyuma ni ule unaofumwa uzi ukiwa mbele yake.

Kichwa hakipiti

Hili ndilo linaloongoza. Umefuma wiki tatu, mtoto anavalishwa, sweta linaishia masikioni na kilio kinaanza. Usilazimishe. Mtoto aliyebanwa kichwa mara mbili ataliogopa sweta hata ukilirekebisha.

Tatizo ni kwamba tunapima kifua na kukisahau kichwa. Mchanga kichwa chake ni kipana kuliko kifua: mzunguko wa kichwa ni kama sm 34 hadi 35 anapozaliwa, 42 hadi 43 akifika miezi 6, 45 hadi 46 akitimiza mwaka, na 47 hadi 48 akiwa na miaka 2. Kifua hukifikia kichwa karibu na mwaka wa kwanza. Kwa hiyo shingo ya sweta ndiyo mlango, na mlango hupimwa kwa mgeni mwenyewe.

Kwanza vuta shingo ya sweta kwa mikono miwili, mtoto akiwa mbali, uipime na futikamba ikiwa imevutwa. Ikifika kipimo cha kichwa bila kulia "krii", tatizo si shingo. Labda ulimvalisha kwa kutanguliza mikono. Isipofika, pitia sababu hizi kwa mpangilio huu.

1. Ulifunga vitanzi vya mwisho kwa kukaza. Utaitambua hivi: mwili wa sweta unavutika vizuri, lakini ukingo wa shingo ni mgumu kama waya. Fumua mstari ule mmoja tu, ufunge upya kwa sindano nene zaidi kwa milimita 1. Ni kazi ya nusu saa, na inaponya zaidi ya nusu ya masweta ninayoletewa.

2. Shingo haina ukingo unaovutika. Ulifuma upande mmoja (mstari wa mbele, mstari wa nyuma) mpaka mwisho ukafunga. Okota vitanzi kuzunguka shingo, ufume sm 2 za kitanzi kimoja mbele kimoja nyuma, kisha funga kwa ulegevu.

3. Ulianzia shingoni kushuka chini, na mstari wa kuanzia ndio uliokaza. Hapo huwezi kufumua kirahisi, maana kufuma hufumuka kutoka mwisho kwenda mwanzo. Fungua bega la kushoto kwa sm 5 au 6, fuma ukingo mwembamba kila upande, weka vifungo viwili. Mimi kwa mtoto wa chini ya mwaka siku hizi naliacha bega wazi tangu mwanzo, hata kama maelekezo hayasemi.

4. Vipimo vilikosewa kuanzia chini. Mpe mdogo wake. Ukoo haukosi mchanga mwingine njiani.

Limetoka kubwa mno, au dogo mno

Hesabu hii naomba uifuate polepole, maana ukiielewa hutanihitaji tena.

Tuseme mtoto ana mwaka, kifua sm 46. Unaongeza sm 6 za kupumulia, sweta liwe na mzunguko wa sm 52, yaani sm 26 mbele na sm 26 nyuma. Maelekezo yanataka vitanzi 22 kwa kila sm 10, kwa hiyo unaanzisha vitanzi 57 kila upande. Wewe mkono wako unabana kidogo, unatoa vitanzi 25 kwa sm 10. Vitanzi 57 vyako vinakuwa chini ya sm 23. Mbele na nyuma pamoja hazifiki hata sm 46. Sweta limekuwa dogo kuliko mtoto, na mishono yote umehesabu sawa! Aliyelegeza akapata 20 kwa sm 10 anatoka na sweta la sm 57, ambalo angalau mtoto atalikulia.

Kwa hiyo chukua sweta lenyewe, lilaze mezani bila kulivuta, hesabu vitanzi ndani ya sm 10 katikati, mbali na ukingo. Linganisha na maelekezo. Zikitofautiana, sababu za kawaida ni hizi.

Hukufuma kipande cha majaribio. Najua, kila mtu anakichukia. Fuma cha sm 12 kwa 12, kifue, kikaushe, ndipo upime sm 10 za katikati. Vitanzi vikizidi, panda sindano, vikipungua, shuka.

Namba ya sindano imekudanganya. Hili limewaliza wengi wanaofuata maelekezo ya mtandaoni kwa sindano walizorithi. Namba za zamani za Uingereza zinakwenda kinyume na za Marekani: Uingereza namba ikikua sindano inakuwa nyembamba, Marekani namba ikikua sindano inanenepa. Namba 8 ya Uingereza ya zamani ni milimita 4. Namba 8 ya Marekani ni milimita 5. Namba 10 ya kwanza ni milimita 3.25, ya pili ni 6, karibu mara mbili. Amini milimita peke yake. Kama sindano haina maandishi, mpelekee fundi mwenye kipimo cha kupimia waya, au ilinganishe na sindano unayoijua. Na wale wa spoki za baiskeli, ambako wengi wetu tulijifunzia, wakumbuke kuwa spoki ya kawaida ni milimita 2. Inafaa kwa uzi mwembamba wa soksi. Ukiitumia kwa uzi wa sweta unapata ubao.

Wa kroshia nao wana mtego wao. Kifupisho "dc" (double crochet) kwenye maelekezo ya Uingereza ni mshono mfupi, kwenye ya Marekani ni mshono mrefu. Ukichanganya, blanketi la mtoto linageuka la mtu mzima au kitambaa cha kufunikia redio. Angalia kama maelekezo yana "sc" (single crochet) mahali popote. Yakiwa nayo ni ya Marekani, kwa sababu Waingereza hawaitumii.

Mwisho, ulibadilisha uzi katikati. Uzi wa duka la pili unaweza kuwa na rangi ileile na unene mwingine. Nunua wote siku moja, na kwenye lebo angalia kuwa namba ya rangi na namba ya toleo zinafanana kwenye madonge yote. Ukishindwa, fuma mistari miwili kwa donge hili na miwili kwa lile, tofauti itajificha.

Kama umeshafika kwapani na kipimo kimepotea, fumua. Usijidanganye kwamba litanyooka likifuliwa.

Kitambaa kinageuka pembetatu

Ulianza na mishono 60, sasa una 51 na hujui tisa zimekwenda wapi. Au zimekuwa 66. Hesabu kila mwisho wa mstari mpaka uone unapopotezea. Karibu kila mara ni pembeni.

Kwa kroshia, sababu ya kwanza ni zile cheni za kupandia, yaani vitanzi vya kuinulia mstari mpya. Kwenye mshono mrefu, cheni tatu za mwanzo huhesabiwa kuwa mshono wa kwanza. Maana yake, ukirudi, mshono wa mwisho unapaswa kuingia juu ya cheni hizo. Watu wengi huziona kama ukingo, wanageuka kabla ya kuzifikia, na kila mstari unakula mshono mmoja. Kwenye mshono mfupi ni tofauti: cheni moja ya kupandia haihesabiwi, kwa hiyo ingia kwenye mshono wa kwanza kabisa. Chomeka pini ya kufungia nepi kwenye mshono wa kwanza na wa mwisho wa kila mstari. Baada ya mistari kumi macho yatakuwa yameshazoea.

Kwa sindano, kuongezeka ni kawaida zaidi. Mwanzo wa mstari, uzi ukiupitisha juu ya sindano badala ya kuuacha ushuke chini, kitanzi cha kwanza kinainuka na kuonyesha miguu miwili. Unakifuma mara mbili bila kujua. Shusha uzi, kivute kitanzi chini, utaona ni kimoja.

Kuna tundu ambalo sikuliweka

Likiwa na ngazi inayoshuka chini yake, umedondosha kitanzi. Usiendelee hata kitanzi kimoja. Chomeka pini kwenye kitanzi kilichodondoka kisiendelee kukimbia, kisha kwa kroshia nyembamba kipandishe ngazi kwa ngazi, kila uzi wa mlalo ukipita ndani yake, mpaka kifike kwenye sindano. Kazi hii ifanye mchana. Kwa taa na uzi mweusi utalia.

Likiwa tundu la duara safi na idadi imeongezeka kwa moja, ulisahau uzi mbele ulipotoka mshono wa nyuma kwenda wa mbele, ukatokea juu ya sindano kama kitanzi. Kama ni mstari huohuo, kiangushe tu.

Likiwa tundu katikati na upande mmoja umezidi mwingine kwa mistari miwili, uliacha kazi katikati ya mstari mtoto alipolia, ukarudi ukafuma kinyume. Unapoishika tena, sindano yenye uzi unaotoka kwenye donge ikae mkono wa kulia. Ama, bora, malizia mstari kwanza. Mtoto atasubiri sekunde thelathini.

Kofia inapinda, au inakuwa bakuli

Kofia ya kroshia huanzia utosini kwa duara bapa. Ikifanya mawimbi, unaongeza mishono mingi mno. Ikijikunja kuwa bakuli mapema, unaongeza michache. Kwa mshono mfupi ongeza 6 kila mzunguko, kwa mshono wa kati kama 8, kwa mrefu 12, zikiwa zimesambazwa sawa.

Duara lifike upana gani kabla ya kuacha kuongeza? Chukua kichwa, toa sm 3 ili kofia ishike, gawa kwa 3.14. Kichwa cha sm 46: 43 gawa kwa 3.14, karibu sm 13 na nusu. Hapo acha kuongeza, shuka wima. Kofia inayozama machoni ni duara lililopitiliza kwa mizunguko miwili. Fumua mpaka hapo, usiifinye kwa mpira, maana alama ya mpira kwenye paji la uso la mchanga hukaa siku nzima.

Kofia ni ya baridi na ya kutembelea. Mtoto akilala ndani ya nyumba, ivue: mtoto hupunguza joto kupitia kichwani na kofia inaweza kumchemsha usiku. Njiti walio kwenye matunzo ya kangaruu (kubebwa kifuani, ngozi kwa ngozi) ni habari nyingine. Hao wafuate alivyosema muuguzi.

Pembeni panajikunja

Kitambaa cha upande mmoja hujikunja, ndiyo asili yake. Weka mistari sita ya mbele-mbele (kila mstari kwa mshono wa mbele) chini na vitanzi vitatu hivyo pembeni. Pasi haitakusaidia.

Soksi zinatoka mguuni

Kifundo kimelegea, au hakuna ukingo wa kuvutika, au unyayo umekuwa mrefu. Mguu wa mchanga ni kama sm 8 hadi 9 tu, na soksi inatakiwa iwe fupi kidogo kuliko hapo kwa sababu uzi unavutika. Fuma sm 4 za moja-mbele-moja-nyuma kifundoni. Kamba ya kufunga mguuni usiweke ndefu kuliko inavyohitaji fundo lenyewe.

Lakini kabla hujamvalisha, geuza soksi ndani nje. Hii ni ONYO, na ningekuwa na uwezo ningeiandika kwa rangi nyekundu: uzi uliolegea ndani ya soksi au glovu unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mtoto na kukikaba damu isipite. Hali hii hutokea kwa uzi, hutokea hata kwa unywele wa mama. Mtoto hawezi kukwambia. Analia bila kunyamaza, amelishwa, amebadilishwa, bado analia. Mvue vyote na uangalie kidole kimoja kimoja cha mguu na cha mkono. Ukikuta kimoja kimevimba, chekundu au kinaelekea zambarau, kuna mstari unaozama kwenye ngozi, toa uzi kama unaonekana na unafunguka mara moja. Usipotoka, au rangi isiporudi, nenda hospitali saa hiyohiyo. Usichokonoe kwa wembe, na usisubiri asubuhi.

Ndiyo maana ndani ya soksi hatupitishi nyuzi za rangi ya pili, na kila ncha huzamishwa kwa sindano ya kushonea angalau sm 5, ukienda na kurudi, ndipo ukate.

Anajikuna, ametoka vipele

Nilimfumia mjukuu wa dada yangu aliyezaliwa Dar es Salaam sweta la Njombe hasa, nene, lenye kola. Picha ikaja, mtoto amependeza. Siku ya pili ikaja nyingine, shingo imejaa vipele. Uzi haukuwa na kosa, sabuni haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu la kudhani baridi ya kwetu ipo kila mahali. Kwa hiyo:

Anza na joto. Gusa shingo kwa nyuma na mgongo. Mikono ya mtoto hudanganya. Kukiwa na jasho, punguza nguo. Vipele vya joto hupoa vyenyewe mtoto akipozwa.

Kisha sabuni. Uzi mnene hushika sabuni ya unga. Suuza mara mbili zaidi, au fua kwa sabuni ya mche isiyo na manukato.

Kisha uzi. Usugue ndani ya kiwiko chako au chini ya kidevu kwa dakika moja. Ukikuwasha wewe, mtoto utamuwasha zaidi. Mvalishe fulana ya pamba yenye shingo ndani, au hamisha uzi huo uwe shali ya bibi.

Vikitokea malengelenge au usaha, au uso na midomo kuvimba, au anapumua kwa shida, habari ya sweta imekwisha. Mpeleke kituo cha afya. Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye joto la 38 au zaidi apelekwe mara moja, awe na vipele au asiwe navyo.

Limefuliwa, limeharibika

Limesinyaa na kuwa zito kama felti, kile kitambaa cha sufu iliyoshikamana: ni sufu, na limekutana na maji ya moto na kusuguliwa. Halirudi. Limelegea, linang'aa, limekufa mkononi: ni akriliki iliyopigwa pasi ya moto. Nalo halirudi. Limerefuka mpaka magotini: ni pamba, ulilianika kwenye kamba likiwa limejaa maji. Hili lina nafuu. Loweka, kamua ndani ya taulo, lilaze kivulini kwenye mkeka na kulirudisha umbo kwa mikono.

Kama lebo imepotea na hujui uzi wako, choma kipande cha sm 3 ukikishika kwa kibano juu ya sinki lenye maji, mtoto akiwa chumba kingine. Sufu hunuka nywele zilizoungua na majivu yake hupondeka. Pamba hunuka karatasi. Akriliki huyeyuka na kubaki kidonge kigumu cheusi. Kidonge hicho kiangalie vizuri, maana ndicho kitakachogandia ngozi ya mtoto akisogelea jiko la mkaa. Kwa anayetambaa kwenye nyumba yenye jiko sakafuni, mimi nafuma pamba au sufu, hata kama ni ghali.

Kifungo kimekatika

Kipo wapi? Kitafute kabla ya kushona kingine, mpaka uhakikishe hakipo mdomoni. Uzi wa sweta wenyewe haufai kushonea kifungo, unalika. Tumia uzi wa cherehani uliokunjwa mara nne, na nyuma ya kitambaa weka kifungo kidogo bapa au kipande cha kitambaa ili usivute tundu. Kivute kwa nguvu zako zote. Kwa mtoto wa chini ya miaka 3 ondoa shanga, macho ya kubandika na vile vipira vya nyuzi vinavyong'oka.

Kamba za shingoni na za kofia ya sweta ziondoe kabisa. Kiwango cha Ulaya EN 14682 kinazikataa kwenye nguo za watoto wa chini ya miaka 7, kwa sababu hunasa na kunyonga. Nikiambiwa "lakini zinapendeza", nakubali, na mkasi nautoa.

Kuna kazi za kumwachia fundi wa masweta mwenye mashine: zipu, kola iliyochakaa, kwapa lililochanika likaanza kukimbia. Mpelekee na kipande cha uzi uleule. Akikwambia atakata ubavu kwa mkasi ili kulipunguza, muulize kwanza kama atapiga mistari miwili ya cherehani kila upande wa atakapokata. Akicheka na kusema haina haja, lichukue sweta lako urudi nalo nyumbani.